Jinsi ya kupanga nyimbo za albamu ya kibuti mpaka stori ieleweke: mwongozo kamili

Wasanii wa Dom (Dodoma) wanajua kuandika ngoma ya kuumizwa, hilo halina ubishi, mtu anakushushia vesi mbili na korasi moja mpaka unajiuliza huyu aliachwa na nani. Shida inaanza akishakuwa na ngoma kumi za hivyo na anataka ziwe albamu. Unakuta mpangilio unafanywa dakika za mwisho kabisa, prodyuza anauliza "tunaanza na ipi?", jibu linakuwa ile kali kuliko zote, ya pili yenye kolabo, zilizobaki popote zitakapoangukia. Alafu watu wakisikiliza wanasema nyimbo nzuri ila albamu haina stori.

Stori ipo, imevurugwa tu. Kwenye albamu ya kuachana mpangilio ndio unaoamua nani ana makosa, yani msikilizaji anakaa upande wa nani na anahama lini, na hiyo inategemea kitu kimoja tu: anajua nini wakati anausikia wimbo fulani. Kwahiyo usipange kwa ukali wa biti, usipange kwa tarehe ulizoandika, usipange kwa "huu wa huzuni huu wa furaha". Panga kwa kile msikilizaji anachokijua mpaka hapo alipofika. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Ili tusiongee hewani nitatumia albamu ya kubuni. Dada mmoja anakaa Nkuhungu na jamaa yake, jamaa anapata kazi Dar, anamwambia usijali wikiendi nakuja. Na kwa sasa hana kisingizio, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 safari haifiki hata masaa manne, enzi za basi angalau ungesema mtu kachoka na barabara. Jamaa haji. Dada anaandika nyimbo kumi:

"Behewa", anamsindikiza stesheni. "Nakuja Wikiendi", ahadi, ina mdundo wa kuchezeka. "Tiki Mbili", meseji inasomwa haijibiwi. "Shemeji", mdogo wake jamaa anapiga simu usiku anasema ukweli, bro kaoa huku. "Mama Kauliza", mama anauliza mwenzio yuko wapi. "Kodi", mwenye nyumba anataka miezi sita na dada yuko peke yake. "Sina Habari", ngoma ya klabu, anajifanya yuko poa. "Nimekusamehe", jina linajieleza. "Ningekuwa Wewe", anakiri na yeye kuna vitu alifanya. "Nguo Zako", anakunja nguo za jamaa anazitia kwenye shangazi kaja.

Haya tuanze kazi.

HATUA YA 1: Kila wimbo upate karatasi yake

Chukua karatasi ukate vipande kumi, au kadi za harusi za zamani geuza nyuma, chochote unachoweza kukisogeza mezani kwa mkono. Simu haifai kwa hii kazi, kwenye simu unaona orodha na ukishaona orodha akili inaiamini kama imeshapangwa.

Kwenye kila kipande andika vitu vitatu. Cha kwanza, baada ya wimbo huu msikilizaji anajua nini ambacho dakika nne zilizopita alikuwa hajui? Sentensi moja. Usiandike "huzuni", huzuni sio habari. Andika "jamaa kaoa", "mama hajaambiwa", "kodi ilikuwa inalipwa na jamaa". Cha pili, anayeimba anaongea na nani: na ex wake, na mama, na shoga yake, au na nafsi yake. Cha tatu, kasi ya wimbo kwa BPM (mapigo kwa dakika) na ki yake (sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake), prodyuza anazo kwenye projekti, muombe.

Hapo hapo utagundua jambo. Kuna nyimbo mbili au tatu zinampa msikilizaji habari ile ile, "nimeumia", "nimeumia sana", "yani we acha tu". Moja ibaki, zingine ziachie kama singo baadae. Najua inauma kutoa ngoma uliyolipia studio, ila albamu ya nyimbo nane inayosogea ni bora mara kumi kuliko ya kumi na mbili inayozunguka pale pale.

Kile cha pili, anaongea na nani, watu wengi hawakiangalii kabisa. Panga vipande vyako alafu soma hiyo sehemu tu kuanzia juu mpaka chini. Kama dada anaongea na jamaa moja kwa moja kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa kumi, basi bado hajaachika hata kama maneno yanasema ameachika, mtu aliyeachana na wewe hamuongei kila siku. Kwenye mfano wetu mpaka wimbo wa tatu anaongea na jamaa, kwenye "Shemeji" anaongea na mtu mwingine kuhusu jamaa, "Mama Kauliza" ni yeye na mama, na hapo msikilizaji anaanza kumuona jamaa kwa mbali bila kuambiwa kwamba kaenda mbali.

HATUA YA 2: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ni mitatu. Unaanza kabla hamjaachana, unaanza siku yenyewe, au unaanza baadae wakati kila kitu kimeshaharibika na unarudi nyuma.

Mlango wa kabla ni mgumu kuuza maana wimbo wa kwanza unakuwa wa mapenzi matamu na mtu anaweza kudhani kakosea albamu, ila ndio unaoumiza zaidi mbele ya safari kwa sababu msikilizaji amekiona kilichopotea. Mlango wa siku yenyewe una nguvu. Adele kwenye albamu yake ya 21 ya mwaka 2011 anaingia na hasira, wimbo wa kwanza ni "Rolling in the Deep", anatishia kabisa, alafu mpaka unafika wa mwisho, "Someone Like You", ni piano tu na mtu ambaye ameshajua jamaa kaenda kwa mwingine. Geuza hizo mbili kichwani uone. Ukianza na ile ya piano ukamaliza na ile ya hasira unapata mwanamke tofauti kabisa, anayeanza mpole na kuishia na kinyongo, na nyimbo ni zile zile.

Mlango wa baadae alitumia Marvin Gaye kwenye "Here, My Dear" ya 1978. Ile albamu ilitokana na talaka yenyewe, sehemu ya mapato yake ilikubaliwa iende kwa mke wake waliyeachana, na wimbo wa kwanza anamwambia mke hii hapa albamu yako. Wa pili ndio anarudi kuelezea walivyokutana. Kwahiyo unasikia wanavyokutana huku unajua wameishia mahakamani, hata mistari mitamu ina ladha ya chuma.

Kwa dada yetu mimi nachagua mlango wa kabla, "Behewa" iwe ya kwanza, kwa sababu stesheni ina mlio wake. Mwambie prodyuza aende na rekoda achukue sauti halisi za watu na mizigo pale nje, na kama kuna upepo usiutoe, huu mji bila upepo haujakamilika. Sekunde kumi tu alafu gitaa liingie.

HATUA YA 3: Tafuta sehemu ya wimbo wa ukweli

Hii ndio hatua kubwa, kaa hapa hata siku mbili.

Kila albamu ya kibuti ina wimbo mmoja ambao ukishasikika hamna kurudi nyuma. Kwetu ni "Shemeji". Weka kile kipande pembeni, zipange tisa zilizobaki, alafu kiingize namba 2, kisha 4, kisha 9, na kila ukikiingiza sikiliza kuanzia mwanzo bila kuruka.

Ukiweka namba 2, msikilizaji anajua jamaa kaoa kabla hata ya kusikia "Nakuja Wikiendi". Ule wimbo wa kuchezeka unageuka kejeli, dada anaonekana mjinga anayeimba ahadi ya mtu ambaye sisi wote tunajua ni muongo. Kuna albamu zinataka hivyo, zile ambazo kuachana sio habari, habari ni namna mtu anavyopona. Ila kama unataka msikilizaji adanganywe pamoja na wewe, umeshamnyima.

Ukiweka namba 9 inatokea shida nyingine na hii ndio naiona sana. "Kodi" imeshapita, "Sina Habari" imeshapita, dada ameshatukana ameshacheza klabu, na msikilizaji bado anajua kitu kimoja tu kwamba jamaa hajibu meseji. Anaanza kumtetea jamaa! Anasema huyu mwanamke naye, mwenzie yuko bize kazini, mbona anapayuka hivyo. Ukija kumwambia kwenye wimbo wa tisa kwamba jamaa kaoa inakuwa kama unajitetea, na msikilizaji hapendi kugundua alikuwa anamuonea mtu, anaona bora akuchukie.

Namba 4 ndio pake. Nyimbo tatu za mwanzo anasikiliza kwa imani, kwenye "Tiki Mbili" anaanza kuwa na wasiwasi na wewe, alafu simu inapigwa. Na zote zinazofuata zinasomwa upya.

Angalia "Mama Kauliza" inavyobadilika bila kugusa hata neno. Tuseme korasi ni hii:

Mama kauliza, mwenzio mbona kimya
Nikamwambia mama, kazi zimembana
Mama kasema mpe salamu akija
Nikasema sawa, zitafika

Ikikaa kabla ya "Shemeji" ni kichekesho kidogo cha nyumbani, mama mkwe mtarajiwa anamuulizia mkwe, binti anajibu anachokiamini. Ikikaa baada ya "Shemeji", mistari ile ile minne, binti anamdanganya mama yake. Hamna kilichoongezwa, hamna violini, hamna kulia studio, ni namba ya wimbo tu imebadilika na sasa lile "zitafika" linakukaa kooni. Ndio maana nasema ukiwa na wimbo unaona hauumi vya kutosha, kabla hujarudi studio kuurekodi upya jaribu kwanza kuusogeza.

Kwahiyo mpaka sasa tuna Behewa, Nakuja Wikiendi, Tiki Mbili, Shemeji, Mama Kauliza.

HATUA YA 4: Hasira na furaha ya uongo

Watu wanaogopa nyimbo tatu za polepole kufuatana, wako sahihi, sikio linazoea na machozi yanakauka. Ila dawa wanayotumia ni mbaya, wanapanga moja ya polepole moja ya kuchangamka mpaka mwisho na baada ya wimbo wa nne kila mtu anajua kinachokuja.

Tumia ngoma ya kuchangamka kama sehemu ya stori. "Sina Habari" ukiisikia redioni peke yake ni ngoma ya bata, wikiendi pale Chako ni Chako watu wanakula kuku na inapigwa bila wasiwasi. Ukiiweka mara tu baada ya "Mama Kauliza" kila mtu anajua huyu dada anacheza huku hajamwambia mama yake. Biti haijaguswa lakini haichezeki kwa amani tena, na hicho ndicho tunachokitaka.

Wazee wa muziki wa dansi walilijua hili ndani ya wimbo mmoja. Wanaanza taratibu, muimbaji anamwaga malalamiko yake yote kuhusu mke au mume, unafuatilia kila neno, alafu wimbo unachemka magitaa yanaingia kwa kasi na ukumbi mzima unacheza kilio cha mtu. Kama wangeanza na chemko hamna ambaye angesikia malalamiko. We una albamu nzima ya kufanyia hivyo.

Baada ya hapo ndio "Kodi" na hasira yake. Kuhusu hasira nina ushauri mmoja tu, isichelewe sana na isikae mwisho. Beyoncé kwenye filamu ya Lemonade ya 2016 aliigawa safari nzima kwa sura kumi na moja zenye majina, inaanza na machale, inafuata kukana, hasira ni sura ya tatu, na msamaha unakuja sura ya nane. Kati ya hasira na msamaha kuna sura nne nzima za kutojali, utupu, kuwajibika na kujijenga upya. Wasanii wetu wengi wanatoka kwenye matusi wimbo wa sita, wa saba tayari "Mungu akubariki na mkeo". Nani anakuamini?

HATUA YA 5: Msamaha ukae wapi

Kila mtu anaweka wimbo wa msamaha mwisho. Naelewa kwanini, unataka kuonekana umekua. Ila msikilizaji wa kibongo ana machale, ukimsamehe mtu kwenye wimbo wa mwisho na kwaya nyuma anajua unajipamba.

Jaribu hivi, "Nimekusamehe" iwe namba 8, "Ningekuwa Wewe" namba 9, "Nguo Zako" namba 10. Najua msamaha huo unatoka moja kwa moja kwenye hasira ya "Kodi", ila hapa ni makusudi, hatutaki uaminike bado: dada anasamehe kwa sauti kubwa, kwa kujivuna kidogo, yeye ndiye mwema na jamaa ndiye shetani. Wimbo unaofuata anakiri kwamba na yeye alishaanza kunyamaza tangu mwezi wa pili, kwamba alizisikia dalili akazifunika, kwamba kuna mtu mwingine alikuwa anamsalimia salimia huku Dom. Ule msamaha uliopita unapoa kidogo na unakuwa wa kweli zaidi. Ukigeuza, ukakiri kwanza ndio usamehe, unapata binadamu mpole anayejirekebisha vizuri kama kwenye mahubiri, sio vibaya ila haina chumvi.

Alafu unamaliza na nguo. Anakunja, anahesabu, anafunga zipu ya shangazi kaja, na shati moja limebaki juu ya kitanda, wimbo hausemi kwanini. Msikilizaji ataamua mwenyewe kama ule msamaha ulikuwa kweli.

Kama unataka kurudisha kitu cha nyuma, rudisha melodi. Marvin Gaye kwenye ile albamu ya talaka, wimbo wake unaouliza ni lini mapenzi yaliisha unatokea mara tatu: mwanzoni ukiwa kamili, katikati kama ala tupu, na mwishoni kipande kifupi. Anauliza swali lile lile mpaka mwisho na hajibiwi, na mtu yeyote aliyewahi kuachwa anajua kichwa kinavyorudia swali moja usiku kucha. Kwenye "Nguo Zako" chukua melodi ya "Nakuja Wikiendi", ipunguze kasi kwa nusu, ipigwe na zeze tupu bila maneno. Zeze kwa hapa hatuhitaji kuazima popote, ni letu, mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alilizungusha dunia nzima pamoja na ilimba (ala ya kupiga kwa vidole gumba) mpaka alipofariki 2003, na wapigaji wapo mpaka leo huko Chamwino. Mlipe vizuri mpigaji na jina lake liandikwe kwenye kredit.

HATUA YA 6: Viungo kati ya wimbo na wimbo

Mpangilio ukishakaa mezani nenda kwa prodyuza mkaangalie viungo. Chukua sekunde 15 za mwisho za kila wimbo na 20 za mwanzo za unaofuata, ziunganishe, sikiliza viungo vyote tisa kimoja kimoja. Hii ni kazi ya jioni moja na hakuna mtu anaifanya.

Unasikiliza nini? Kasi kwanza. Kutoka 70 kwenda 104 ghafla ni kofi, na saa ingine kofi ndilo unalolitaka, kwa mfano kutoka "Mama Kauliza" kwenda "Sina Habari". Kutoka 96 kwenda 98 ndio mbaya, sikio linaona kama wimbo ule ule umeharibika. Ki nayo hivyo hivyo, nyimbo mbili za ki moja zikifuatana zinaonekana ni mwendelezo wa wazo moja, ukipanda nusu hatua inakuja na wasiwasi. Alafu maneno: mstari wa mwisho wa wimbo mmoja na wa kwanza wa unaofuata msikilizaji anausikia kama mazungumzo hata kama hukukusudia. "Tiki Mbili" ikiisha na "nipigie basi hata usiku" na "Shemeji" ikaanza na mlio wa simu, umemaliza, usiongeze kitu.

Ukimya nao upangwe. Zamani kwenye CD ilizoeleka sekunde mbili kati ya nyimbo, siku hizi unaamua mwenyewe. Baada ya "Shemeji" mimi ningeacha sekunde tano kamili, mtu apumue. Kati ya "Mama Kauliza" na "Sina Habari" sifuri, igongane. Ila huo ukimya uuweke mwishoni mwa faili la wimbo unaoisha, usiuweke mwanzoni mwa unaofuata, maana mtu anayeusikiliza huo peke yake atadhani simu yake imeganda.

Na masta, ile hatua ya mwisho ya kuweka sauti sawa, ifanyike kwa albamu nzima kwa pamoja, sio wimbo mmoja mmoja kila unapopata hela. Wimbo wa kunong'ona ukipandishwa sauti sawa na ngoma ya klabu umekufa. Spotify ikipiga albamu kwa mfululizo inasawazisha sauti kwa albamu nzima, tofauti ulizoziacha kati ya wimbo na wimbo zinabaki, kwahiyo ziache.

Kuhusu katikati kidogo. Kwenye sahani za zamani upande mmoja ulibeba kama dakika 22, kwenye kanda ya dakika 60 ni 30 kila upande, na watu waliokulia kwenye kanda wanakumbuka kile kitendo cha kugeuza, unainuka, unapata muda wa kufikiri. Hamna anayegeuza kitu leo ila weka alama yako ya nusu. Kwetu inaangukia baada ya "Mama Kauliza", nyimbo tano za kudanganywa na kudanganya, tano za kupambana na matokeo yake. Kwetu tumeshasema pale igongane, ila kwenye albamu yako unaweza kuweka kipande kifupi cha zeze kama pumziko, ila kumbuka Spotify inahesabu mtu amesikiliza baada ya sekunde 30, kipande cha sekunde 25 kinaweza kisihesabike. Kifike 35 au kiunganishe na wimbo.

HATUA YA 7: Jaribu kwa watu, ila uliza swali sahihi

Tafuta watu watatu wanne wasioijua stori yako. Ex wako hayumo, na shoga yako aliyekubembeleza kipindi kile hayumo pia. Wape wasikilize kwa mfululizo, nzuri ni safarini, mtu avae earphone kwenye daladala kutoka mjini mpaka Mtumba na kurudi, hana pa kukimbilia.

Usimuulize "ipi kali?", atakutajia ile yenye biti nzuri na hujajifunza kitu. Muulize sehemu tatu, baada ya wimbo wa 3, wa 6 na wa mwisho: mpaka hapa nani kakosea? Majibu ndio ramani yako. Kwa mpangilio wetu unataka baada ya wa 3 aseme "sijui, labda jamaa yuko bize", baada ya 6 aseme "jamaa ni mbwa", na baada ya 10 ajikune kichwa aseme "wote, ila jamaa zaidi". Kama wote watatu wanasema jamaa ni mbwa kuanzia wimbo wa 2 umetoa siri mapema, rudi hatua ya 3. Kama mwisho wa albamu wanasema dada ndiye mbaya, huenda "Ningekuwa Wewe" imekiri mpaka imepitiliza, au imekaa mahali ambapo hamna kitu kinachofuata cha kumrudisha.

Na waangalie wanaruka wapi. Mtu akiruka wimbo usikimbilie kusema ni mbovu, kwanza angalia ulio kabla yake.

HATUA YA 8: Kuupeleka mtaani bila kuvurugika

Usijidanganye kwamba wote watasikiliza kwa mpangilio. Adele mwenyewe alipotoa 30 mwezi wa 11 mwaka 2021 ilibidi awaombe Spotify, wakaacha kuiweka shafo (kupiga nyimbo bila mpangilio) kuwa ndio kitufe cha kwanza kwenye kurasa za albamu. We huna namba ya Spotify, kwahiyo fanya unachoweza.

Nyimbo tatu za kwanza zisimame zenyewe, maana wengi wataishia hapo. Singo usitoe "Shemeji", hata kama ndio kali kuliko zote, utakuwa umeimwaga siri kabla ya albamu. Toa "Sina Habari", watu waijue kama ngoma ya bata kwa mwezi mzima, alafu wakija kuikuta namba 6 wapate mshtuko.

Unapopandisha kwa msambazaji (anayekuwekea albamu kwenye mitandao ya muziki) hakikisha namba za nyimbo ulizojaza ni hizo hizo, kubadilisha baada ya albamu kutoka ni usumbufu. YouTube tengeneza pleilisti yenye mpangilio na linki unayosambaza iwe ya pleilisti. WhatsApp ukituma mafaili anza jina na namba, 01 Behewa, 02 Nakuja Wikiendi, na sifuri mbele usiiache, bila hiyo ya 10 itajipanga jirani na ya 1.

Alafu kuna flashi. Huku kwetu albamu inaishi kwenye flashi, kwenye sabufa za saluni na kwenye bajaji, na redio nyingi za bei rahisi hazisomi majina, zinapiga kwa mpangilio ambao mafaili yaliingizwa. Ukishika zote kumi ukazikopi kwa mkupuo zinaweza kuingia hovyo hovyo. Fomati flashi, tengeneza folda moja, kopi wimbo mmoja, subiri umalizike, kopi unaofuata. Inachosha lakini ni dakika chache. Ukimaliza usiichomeke kwenye kompyuta, kompyuta itakupangia vizuri hata kama flashi imevurugika, ipeleke kwenye sabufa yoyote ya dukani hapo mtaani, bonyeza mbele mbele mpaka namba 4, ikilia simu ya shemeji imekaa sawa.